Bomba na Bwana Afya: Kipindupindu na Fikra za Usafi katika Afrika Mashariki

Husemwa mara nyingi kwamba magonjwa ya mlipuko, yaani magonjwa yanayozuka na kuwashika watu wengi wa eneo moja kwa muda mfupi, ndiyo yaliyowafundisha wanadamu usafi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini inaficha maswali mazito kuliko jibu inalotoa: ni nini hasa hubaki baada ya mlipuko kupoa, hubaki kwa nani, na nani hulipa gharama ya somo lenyewe? Uchambuzi huu unayafuata maswali hayo kwa kutumia zaidi mfano wa kipindupindu katika pwani na miji ya Afrika Mashariki, ukilinganishwa na miji ya Ulaya iliyopigwa na ugonjwa uleule katika karne ya 19. Hoja inayotetewa ni kwamba woga wa kifo hubadili mazoea ya watu kwa majuma au miezi tu, na kwamba mazoea hudumu pale ambapo woga huo umeacha nyuma yake kitu kinachoshikika, kama vile bomba la maji, mtaro wa majitaka au choo imara. Pale ambapo haukuacha kitu, fikra ya usafi hugeuka kuwa hukumu juu ya tabia za maskini, na hukumu hiyo ndiyo iliyopata maisha marefu katika miji ya Afrika Mashariki.

Kipindupindu kinafaa kuwa kipimo cha hoja hii kwa sababu njia zake ni chache na zinajulikana. Husababishwa na bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia mwilini mwa mtu mwingine kwa maji au chakula kilichochafuliwa. Wakishafika katika utumbo hutoa sumu inayoufanya mwili umwage maji kwa kuhara na kutapika, hata mtu mzima aliyeamka na nguvu zake asubuhi akaweza kufa kabla ya jua kuchwa. Asipotibiwa, mgonjwa wa kipindupindu kikali ana uwezekano wa kufa unaokaribiana na ule wa kupona, ilhali akirudishiwa mapema maji aliyopoteza, hata kwa mchanganyiko wa maji safi, chumvi na sukari anaokunywa kwa kikombe, vifo hushuka chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia. Ni ugonjwa unaouliza maswali mawili tu, maji yanatoka wapi na kinyesi kinakwenda wapi, na yote mawili huuhusu mji kabla ya kumhusu mtu.

Mlipuko haukuwakuta watu wa pwani wakiwa hawana fikra yoyote ya usafi, ingawa maandishi mengi ya wakoloni yalidai hivyo. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, pamoja na nyumba kongwe za mawe za Lamu, yana vyoo vya ndani na sehemu za kutawadhia zilizojengwa muda mrefu kabla ya utawala wa Waingereza. Sheria ya Kiislamu iliweka tohara, yaani usafi wa mwili, nguo na mahali unaoruhusu ibada, kuwa sharti la sala, na kwa hiyo kunawa mara tano kwa siku, kuchamba kwa maji na kuosha maiti vilikuwa mambo ya kila nyumba. Hata suala la kuzuia watu kuingia au kutoka katika mji wenye maradhi lilikuwa na mizizi ya kale, kwa kuwa mafundisho ya Mtume kuhusu tauni yanakataza yote mawili, na historia inakumbuka jinsi Khalifa Umar bin Khattab alivyogeuza safari mwaka 639 alipopata habari kuwa Sham, yaani eneo la Siria alikokuwa akielekea, ina tauni, huku baadhi ya masahaba wakimuuliza kama huko si kukimbia kadari. Mjadala kati ya kadari na tahadhari, unaodhaniwa kuwa umezaliwa na hospitali za kisasa, ulikuwa umekwisha kuanza. Kilichokosekana ni elimu ya kitu kimoja, kwamba maji yanayong'aa na yasiyo na harufu, yanayofaa kabisa kwa udhu, yanaweza kubeba mauti.

Kipindupindu chenyewe kilikuja kwa njia za biashara. Mlipuko wa kwanza wa dunia, ulioanzia Bengal mwaka 1817, ulifika Muscat mwaka 1821, na kutoka huko bahari ya pepo za kaskazi haikuwa kizuizi bali barabara. Pwani ya Afrika Mashariki ilipigwa vibaya katika miaka ya 1836 hadi 1837, ikapigwa tena 1858 hadi 1859, na mara ya tatu 1869 hadi 1870. Mlipuko huu wa tatu ndio unaojulikana vizuri zaidi, kwa sababu daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Zanzibar, aliufuatilia kwa subira na kuchapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1876. Christie hakuwa na darubini ya kumwonyesha bakteria. Alichokuwa nacho ni masikio. Aliwahoji wafanyabiashara, mahujaji, manahodha na viongozi wa misafara, akaunganisha maneno yao hata akaweza kuonyesha kwamba ugonjwa ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita katika nchi za ndani, ikiwemo ile ya Wamasai, ukateremka Pangani, kisha ukavuka hadi Unguja mwishoni mwa 1869, na kutoka hapo ukarudi bara kwa misafara na kusini kwa majahazi. Inafaa kusisitizwa kwamba elimu hiyo, ambayo leo ingeitwa epidemiolojia, maana yake uchunguzi wa jinsi maradhi yanavyosambaa miongoni mwa watu, ilijengwa kwa ushahidi wa wenyeji wenyewe, ambao walikuwa wameona na kukumbuka mengi kabla hajaja mtu wa kuyaandika.

Mji wa Zanzibar wa wakati huo ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa katika ardhi ileile iliyopokea mashimo ya vyoo, na ufuo wake ulikuwa jaa. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye aliwahi kuishi Bombay akiwa uhamishoni, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, watu wakayateka bure. Haiwezi kudaiwa kwamba kipindupindu peke yake ndicho kilichomsukuma, kwa kuwa alipenda pia fahari ya mji wa kisasa. Lakini kati ya yote yaliyotendwa Zanzibar katika karne hiyo kwa jina la afya, mabomba yale ndiyo yaliyogusa njia ya ugonjwa moja kwa moja, na yaliwekwa na mtawala wa hapohapo kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao mwaka 1890. Chini ya himaya hiyo, kisiwa kidogo cha Changuu, kilichojengewa gereza ambalo halikupata wafungwa, kiligeuzwa kuwa karantini, yaani mahali pa kuwatenga wasafiri hadi ithibitike kwamba hawana maradhi. Kwamba kisiwa cha gereza kilionekana kufaa kwa kazi hiyo ni jambo linalosema mengi kuhusu fikra za kiafya za zama zile.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kwa mkondo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Kipindupindu kilipofika Uingereza mwaka 1831, madaktari wengi waliamini nadharia ya hewa chafu, yaani dhana kwamba maradhi huletwa na mvuke unaotoka katika vitu vinavyooza. Edwin Chadwick, aliyetoa mwaka 1842 ripoti mashuhuri juu ya hali ya kiafya ya wafanyakazi, aliamini hivyo, lakini hoja yake kuu ilikuwa ya hesabu: kwamba baba wa familia akifa kwa homa, mjane na mayatima hulelewa kwa kodi za walio hai, na kwa hiyo kujenga mitaro ni nafuu kuliko kulea maskini. Bunge likapitisha sheria ya afya ya jamii mwaka 1848, wakati kipindupindu kikikaribia tena. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha, kwa kuhesabu vifo nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Soho jijini London, ambako zaidi ya watu 500 walikufa katika siku kumi, kwamba waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Mpini wa pampu uling'olewa, lakini nadharia yake haikukubaliwa na wakubwa, naye alifariki mwaka 1858 bado akipingwa.

Mwaka huohuo wa 1858 joto la kiangazi liliufanya mto Thames unuke kiasi cha kuwafukuza wabunge katika kumbi zao, na fedha zilizokuwa zikibishaniwa kwa miaka zikapatikana kwa majuma machache. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mfumo mkubwa wa mitaro ya kupeleka majitaka mbali na jiji. Wajenzi hao walikuwa wakipigana na harufu, si na bakteria. Walikosea sababu, wakapata tiba. Kipindupindu kilipoirudia London mwaka 1866, kiliua zaidi katika sehemu ya mashariki ya jiji, ambayo ilikuwa bado haijaunganishwa na mitaro mipya na ambayo ilipewa maji yasiyochujwa ipasavyo, na hakikuirudia tena kwa kiwango hicho.

Hamburg ilitoa funzo hilohilo kwa njia chungu zaidi. Mwaka 1892, miaka minane baada ya Robert Koch kuthibitisha huko Kalkuta ni bakteria gani anayeleta kipindupindu, mji huo tajiri wa bandari ulikuwa bado unavuta maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja, ilhali Altona, mji jirani uliotenganishwa nao na mtaa tu, ulikuwa ukipitisha maji ya mto huohuo katika matabaka ya mchanga kabla ya kuyapeleka kwa watu. Wakuu wa Hamburg walichelewa kutangaza ugonjwa kwa kuhofia kuharibu biashara. Watu wapatao 8,600 walikufa Hamburg katika muda wa miezi michache. Altona iliponea kwa kiasi kikubwa, na mpaka wa mauti ulifuata mpaka wa mabomba. Wafanyakazi wa Altona hawakuwa wasafi kuliko wenzao wa Hamburg, wala hawakunawa zaidi. Mwaka uliofuata mitambo ya kuchuja maji ya Hamburg ilianza kazi, na tangu hapo ikawa vigumu kwa mtawala yeyote wa Ujerumani kusema kwamba kipindupindu kinatokana na uvivu wa maskini.

Lakini elimu ileile ilipovuka bahari kuja Afrika iligeuka. Watawala wa kikoloni wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na maelezo sahihi kuliko ya Chadwick: walijua bakteria, walijua kiroboto na panya, walijua mbu wa malaria. Kile ambacho London ilikitenda vema kwa sababu isiyo sahihi, wao walikigeuza kuwa udhalimu kwa sababu iliyo sahihi. Tauni, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na viroboto wa panya, ilipoingia Cape Town mwaka 1901, maelfu ya Waafrika walihamishwa kwa nguvu kupelekwa kambi ya nje ya mji iliyokuja kuitwa Ndabeni. Ilipoonekana Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto. Na mwaka 1913 Profesa William Simpson, bingwa wa afya aliyetumwa na serikali ya Uingereza kukagua Kenya ya sasa, Uganda na Zanzibar, alipendekeza miji igawanywe kwa mbari, kila moja na mtaa wake, na kati yao pawe na ukanda wazi. Sera ya kuwatenga Wahindi na Wazungu kimakazi iliachwa rasmi Kenya mwaka 1923, lakini miji ilikwisha kuchukua sura hiyo. Dar es Salaam hali haikuwa tofauti, kwani kanda za mji zilipangwa kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zikapatikana bila sheria kutaja rangi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukakaa katikati ya Uhindini na Kariakoo.

Tukio moja linaonyesha mgeuko huu kwa uwazi wa pekee, kwa kuwa linamhusu Koch mwenyewe. Malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, yalikuwa yamekwisha kuua watu wasiopungua 200,000, kwa makadirio ya wakati ule, katika mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, Koch alipopiga kambi katika visiwa vya Ssese mwaka 1906. Mtu aliyekuwa ameihukumu Hamburg kwa maji yake alitumia Ssese dawa ya atoxyl, yenye sumu ya arseniki, ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, akapendekeza wagonjwa wakusanywe na kufungiwa makambini. Ulaya alikuwa amewashauri watawala juu ya mji. Huku aliwashauri juu ya miili ya watawaliwa. Wakati huohuo serikali ya Uganda ilianza kuwahamisha watu kutoka ufuoni na hatimaye visiwani, hatua ambayo ilipunguza maambukizo kweli, lakini iliwaondoa wavuvi katika maji yao na mizimu yao, na kuwaachia kumbukumbu kwamba afya ni neno la serikali inapotaka watu wahame.

Katika zama hizo ndipo alipozaliwa bwana afya, mkaguzi wa usafi aliyevaa kaptula na kofia, aliyeingia uani bila hodi, akafunua mitungi, akachungulia choo na kuandika faini. Kazi yake haikuwa bure, na wapo waliookoka kwa sababu yake. Ila namna alivyofanya kazi ilifundisha kitu ambacho hakikuandikwa katika vitabu vyake. Ilifundisha kwamba usafi ni jambo linalokaguliwa, kwamba uchafu ni kosa la mwenye nyumba, na kwamba siku bwana afya asipokuja hakuna deni. Wakati mtaa wa Wazungu ulipewa bomba hadi jikoni na mtu wa kuzoa taka, Pumwani, mtaa rasmi wa kwanza wa Waafrika jijini Nairobi, ulipewa bomba na vyoo vya kushirikiana, kisha wakazi wake wakalaumiwa kwa foleni na harufu. Ndiyo maana wagonjwa walifichwa. Kumtaja mgonjwa kulikuwa sawa na kuita kiberiti nyumbani.

Baada ya uhuru Tanzania ilijaribu njia nyingine, na jaribio lake linastahili kuzungumziwa kwa heshima kubwa kuliko ile linayopewa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, ambapo kwa majuma kumi na mawili walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, kichocho, safura na kuhara damu, na kisha, hili ndilo muhimu, wakatoka kufanya kazi waliyokubaliana. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa. Kampeni hiyo haikutokana na mlipuko wowote mkubwa, wala haikumtisha mtu. Ilimchukulia mwanakijiji kuwa mtu anayeweza kujadili sababu na kuchagua kazi. Udhaifu wake ulikuwa katika kile ambacho jembe haliwezi kukifanya, yaani maji. Katika miaka iliyofuata Operesheni Vijiji iliwahamishia mamilioni ya watu katika makazi ya pamoja ambayo mara nyingi hayakuwa na visima vya kutosha, na kipindupindu cha mlipuko wa saba wa dunia, ambao ulianzia Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970, kilipoenea nchini kwa nguvu katika miaka ya 1977 na 1978, kilikuta vyoo vingi kuliko zamani na maji salama yakiwa bado haba. Tangu hapo hakikuondoka. Mwaka 1997 peke yake Tanzania iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200.

Mlipuko uliozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea hadi Zanzibar ulionyesha mapokeo yote mawili, ya mkaguzi na ya ushirika, yakitenda kazi kwa pamoja. Kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 24,000 na waliokufa walizidi 370. Rais John Magufuli, akiwa na majuma machache tu madarakani, alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 na kuigeuza siku hiyo kuwa ya kufanya usafi nchi nzima, mwenyewe akishika takataka kwa mikono, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa ishara yenye nguvu, kwani haikuwa kawaida kwa mkuu wa nchi kuinama barabarani. Hata hivyo, ufagio huondoa taka zinazoonekana, na bakteria wa kipindupindu hawakai katika karatasi na majani makavu. Wakaao mabondeni jijini Dar es Salaam wanajua bakteria hao wanakokaa: masika yanapofika na vyoo vya mashimo vikiwa vimejaa, wenye nyumba wasioweza kulipia gari la kunyonya majitaka hutapisha vyoo vyao, maana yake hufungua shimo ili mafuriko yabebe kilichomo, na maji hayohayo huingia visimani na katika mabomba yaliyopasuka ya jirani. Kila mtu mtaani huchukizwa na jambo hilo, pamoja na yule anayelitenda. Elimu haijapungua hapo hata chembe.

Badala ya kuliendea shimo, amri ya kwanza katika karibu kila mlipuko, iwe Dar es Salaam, Unguja au Nairobi, humwendea muuza chakula. Mama ntilie hufungiwa, matunda yaliyokatwa na juisi ya miwa hupigwa marufuku, mgambo wa jiji, au kanjo kama waitwavyo Nairobi, hubeba masufuria, na magazeti huchapisha picha. Amri hiyo ina msingi wa kitabibu, maana chakula kilichopoa na kushikwa na mikono isiyooshwa hueneza ugonjwa. Lakini mama ntilie hununua maji kwa dumu, kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya maji ya bomba, na dumu hilo hupaswa kupika, kuosha vyombo na kunawisha wateja. Hoteli yenye bomba na tangi haikaguliwi kwa ukali huo, ingawa historia ya milipuko ya Nairobi ina hoteli kubwa ndani yake. Kwa hiyo marufuku hukaa mwezi, njaa ya mji humrudisha mama ntilie barazani, na dumu linabaki lilelile.

Ukimwi unatoa ushahidi wa upande wa pili, kwamba mazoea hubadilika haraka na kudumu pale ambapo njia ya kuyatekeleza iko mkononi mwa mtu. Ugonjwa huo ulipobainika Kagera mwaka 1983 na kuenea, ilieleweka kwamba virusi vyake huweza kupita kwa damu iliyobaki kwenye wembe au sindano, na katika muda usiozidi kizazi kimoja mila zilizodumu karne nyingi zilirekebishwa: ngariba aliyekuwa akitumia kisu kimoja kwa vijana wa rika zima alianza kutaka kila mmoja aje na wembe wake, kinyozi akajifunza kufuta mashine kwa spiriti mbele ya mteja, na sindano ya kuchemshwa ikatoweka zahanati. Hakuna aliyehitaji kutozwa faini, kwa sababu wembe mpya uligharimu fedha ambayo karibu kila mtu alikuwa nayo. Lakini katika sehemu ile ya ugonjwa ambayo wembe haukuweza kuitatua, hofu ilifuata njia ya zamani ya kutafuta mwenye kosa, na unyanyapaa, yaani kumtenga na kumdharau mgonjwa kana kwamba maradhi ni ushahidi wa tabia mbaya, ukaua watu waliokuwa na dawa karibu nao.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, katika eneo la Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya hospitali, uliokoma Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, ulikuwa na kila kitu ambacho milipuko ya kale ilikosa: chanjo iliyotolewa kwa zaidi ya watu 300,000, maabara za haraka, fedha za dunia nzima, na ndoo za maji yenye klorini kila kona ya Beni, Butembo na Goma. Hata hivyo vituo vya matibabu vilichomwa, na daktari aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo Aprili 2019. Wengi walieleza upinzani huo kuwa ni ujinga. Wenyeji walikuwa na maelezo mengine: walikuwa wamechinjwa na waasi kwa miaka bila dunia kuja, na sasa magari mapya ya kikosi cha kupambana na ugonjwa, kilichojulikana kwa jina la Kifaransa la riposte, yalijaa barabarani, kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, huku masoko na makanisa yakiachwa wazi. Hali ilianza kubadilika pale vijana wa mitaa walipoingizwa katika vikosi vya mazishi, na familia ziliporuhusiwa kuona uso wa marehemu wao na kumwombea kwa umbali salama. Kunawa kulikubalika kila mahali. Kilichogomewa ni kunawishwa na mtu asiyeaminika.

Uviko-19 uliipa Afrika Mashariki jaribio jingine, na matokeo yake yalionekana kwa yeyote aliyetembea mjini. Kati ya Machi na Juni 2020 ndoo zenye koki ziliwekwa mbele ya maduka, misikiti, makanisa, stendi na ofisi. Shuleni vilirejeshwa vibuyu chirizi, yale madumu madogo yanayoinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga, ambavyo maofisa wa afya walikuwa wamevihubiri kwa miaka bila kusikilizwa. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwishoni mwa Aprili mwaka huo na viongozi wakasifu kujifukiza, Kenya ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, na ingawa sera hizo zilipingana, ndoo zilikuwa zilezile pande zote mbili za mpaka. Miaka miwili baadaye nyingi zilikuwa kavu. Ni rahisi kusema watu wamesahau, lakini kunawa kwa ndoo kunamtaka mtu wa kuijaza, kuinunulia sabuni na kumwaga maji machafu, na kazi hiyo haikuwahi kuingizwa katika bajeti ya mtu yeyote. Mwaka 2020 takwimu za Umoja wa Mataifa zilionyesha kuwa watu wapatao bilioni 2.3 duniani hawakuwa na mahali nyumbani penye maji na sabuni ya kunawia. Kuwaambia wanawe mara ishirini kwa siku kulikuwa ni kuwapa amri isiyo na vifaa.

Sheria ndogo za usafi katika halmashauri na kaunti za Afrika Mashariki zinaendelea kuandikwa kwa mtindo wa bwana afya: zinataja faini ya asiye na choo, faini ya anayeuza chakula wazi, na faini ya anayetupa taka. Madiwani watakaozipitia upya kabla ya masika yajayo wanaombwa waongeze ibara mbili katika sheria hizohizo, moja ikitaja ni ofisi gani itawajibika na kwa adhabu gani pale bomba la mtaa linapokauka kwa zaidi ya siku kadhaa, na nyingine ikiweka bei ambayo mwenye nyumba wa bondeni anaweza kuimudu kwa gari la kunyonya choo chake. Ibara hizo zisipokuwepo, kumfungia mama ntilie hakutazuia mlipuko ujao.